Shali Ifike Kabla ya Sanda

Hotuba kwa wafumaji na wauguzaji wa majumbani, Uyole, Mbeya, msimu wa kipupwe

Shikamooni wazee wangu. Kamwene kwa mliotoka Njombe na Makambako, mugonile kwa wa Tukuyu, na karibuni sana ninyi vijana mliokuja na sindano zenu mikononi. Asanteni kwa kutoka majumbani na baridi hii. Mnaijua Juni yetu. Kule Kitulo na Makete nyasi zinaamka na barafu, hapa Uyole ukungu unakaa mpaka saa nne, na mtu mzima mwenye afya yake anatoka kitandani kwa kujilazimisha. Sasa mfikirieni aliyelala miezi, damu imepungua, nyama imekwisha mwilini, blanketi limemlemea na bado anatetemeka. Nimekuja kumsemea huyo.

Nitaanza na jambo linaloniuma. Sisi ni hodari wa msiba. Mtu akifariki mtaani, muda si muda turubai limesimama, daftari la rambirambi limefunguliwa, akina mama wamegawana zamu za kupika, na kabla jua halijazama kamati imeshajua jeneza linatoka wapi na gari la kusafirisha mwili kwenda Rungwe au Ludewa litakodiwa kwa nani. Nauheshimu utaratibu huo na siombi upungue hata kidogo. Lakini mtu huyohuyo alipokuwa anaumwa, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, tulimpelekea nini? Machungwa, juisi ya boksi, na pole tuliyoitoa tumesimama mlangoni kwa sababu tunawahi sokoni. Kitenge cha sare ya kumzika tumekipata wote. Kofia ya kumfunika kichwa alipokuwa hai haikupatikana.

Ombi langu kwenu leo ni hili: zawadi ya kumfariji mgonjwa mahututi ifumwe mapema, imfikie akiwa hai na ana nguvu za kuishika, na ifumwe kwa mwili alionao sasa. Maneno yangu mengine yote yanatoka hapo.

Watu wa nyanda hizi hamhitaji kufundishwa kuuguza. Kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, Makete, Njombe, Iringa na Mbeya ziliuguza kizazi kizima majumbani. Walikuwapo watoa huduma za nyumbani, wengi wao akina mama wa kujitolea, waliokuwa wakipanda milima kwa miguu na ndoo ya maji, sabuni na uji. Baadhi yenu mmekaa hapa mbele yangu. Na jambo lenyewe halijaisha: utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliuonyesha Mkoa wa Njombe ukiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania. Wengi sasa wanaishi vizuri na dawa zao, wanalima, wanasomesha. Ila saratani, figo, moyo, kisukari na kiharusi vimeingia katika nyumba zilezile, na ule ujuzi wa kukaa na mgonjwa tuliuweka kabatini.

Wataalamu wana jina la huduma hii: tiba shufaa. Aliyeijengea msingi wake wa kisasa ni Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mwisho ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho, yote kwa pamoja. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la huduma hiyohiyo, mwaka 1993 na akapigania mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ile ya maji, imfikie mgonjwa nyumbani kwake. Nawataja hao wawili kwa sababu maalumu. Shali haiondoi maumivu ya saratani ya mifupa. Mgonjwa akilia usiku kwa maumivu, kazi ya kwanza ya mtu anayempenda ni kwenda hospitali kuuliza habari za mofini, na wala asiogopeshwe na maneno ya mtaani kwamba mofini ni ya kumaliza watu. Dawa ikishatuliza mwili, hapo ndipo kazi ya mikono yetu inapopata nafasi, kwa sababu kuna baridi, kuna aibu ya mwili uliobadilika, kuna saa ndefu za usiku, na kuna ile hali ya kudhani umesahauliwa. Vitu hivyo havina kidonge.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji nakubali, upike umpelekee. Kwa kufuma nawasihi muulize. Mwulize anasikia baridi wapi, maana mmoja atakwambia miguu, mwingine mabega, mwingine kichwa tu. Mwulize rangi. Mwulize kama sufu inamwasha. Akiwa hawezi kusema, mwulize anayemwogesha, maana huyo ndiye anayejua pale ngozi ilipochubuka. Mimi ni fundi wa masweta ya shule, riziki yangu ni mashine na kola za V, na katika kazi hiyo kipimo ni cha darasa zima: namba 28, namba 30, namba 32, funga mzigo. Mgonjwa hana namba. Tumbo limejaa maji na mikono imekonda, mguu mmoja umevimba na mwingine umebaki mfupa. Lazima umwone.

Na kabla ya kumwuliza yeye, iulize familia kwanza, hasa pale mnapotaka kupeleka kofia. Mnajua desturi zetu. Nyumba nyingi mgonjwa hajaambiwa anaumwa nini, ndugu wanajua, daktari anajua, yeye anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Ukitokea na kofia ya mtu wa saratani, umetoa habari ambayo haikuwa yako kuitoa. Mimi naamini mgonjwa ana haki ya kujua ugonjwa wake, na nikiulizwa na ndugu nawaambia hivyo waziwazi. Lakini habari hiyo aipate kwa daktari na watu wake, wakiwa wamekaa naye chini. Isitoke kwenye mfuko wa mgeni.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kichwa. Watu wengi wakisikia saratani wanakimbilia kofia, na si kila mgonjwa wa saratani anapoteza nywele. Saratani inayowasumbua wanawake wa Tanzania kuliko zote ni ya shingo ya kizazi, na wengi wao wanatibiwa kwa mionzi ya nyonga. Mionzi huondoa nywele pale inapopita tu, kwa hiyo mama huyo nywele zake za kichwani zitabaki, pengine zipungue kidogo kama anapewa na dawa ya kwenye mshipa. Yeye umfumie kitu cha kufunika magoti na mapaja kwenye benchi la kusubiri. Anayehitaji kofia ni yule anayepata kemo, yaani dawa za kuua saratani, za aina inayopukutisha nywele, na hizo kwa kawaida huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza. Kwa hiyo mkisikia jirani ameanza kemo hiyo, mnayo kama wiki mbili. Kofia ifike kabla hajaamka na nywele kwenye mto.

Kuna mama mmoja wa upande wa Igawilo, aliniruhusu niseme habari yake bila kumtaja. Alikuwa anavaa kofia ya dukani, nzuri tu kwa kuitazama. Aliponivulia nikaona mstari mwekundu umepita juu ya sikio mpaka kisogoni, mahali pale mshono wa kofia unapokaa. Kichwa kisicho na nywele hakina kinga, kila fundo la uzi linagusa ngozi moja kwa moja. Nikaigeuza kofia ileile nje ndani, mshono ukawa nje, upande laini ukawa kwenye ngozi. Alikaa kimya kidogo, akapitisha kiganja mara mbili, akasema, "Dada, sasa naweza kulalia." Tangu siku hiyo wanafunzi wangu wote nawaambia: kofia ya mgonjwa ifumwe mzunguko, kwa sindano tano zenye ncha mbili au sindano ya waya, isiwe na mshono kabisa. Ukilazimika kushona, mshono ukae nje. Ncha za uzi uzifiche kwenye ukingo, mbali na utosi, na juu usiweke kifundo cha manyoya wala kifungo, maana mtu huyu analala na kofia yake.

Vipimo andikeni. Kichwa cha mtu mzima kwa kawaida ni kama sentimita 54 hadi 57, ila nywele zikitoka kinapungua. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, ukipata vitanzi 20 kwa sentimita 10, anzisha vitanzi 96. Utapata kofia ya sentimita 48, inayovutika na kushika bila kubana, na 96 inagawanyika kwa 8 utakapoanza kupunguza kuelekea utosini. Urefu uwe sentimita 20 au zaidi kidogo, ishuke mpaka nyusi na ifunike masikio na kisogo, kwa kuwa nyusi nazo huenda zikaondoka na baridi ya hapa inaingilia shingoni. Gramu 80 hadi 100 za uzi zinatosha. Mfumaji wa kawaida anaimaliza jioni chache.

Uzi ndio unaoamua kila kitu. Jaribu uzi pale chini ya kidevu au ndani ya kifundo cha mkono, uuache hapo kwa muda kabla ya kuamua. Kama unakuwasha wewe mzima, mgonjwa hatauweza. Pamba ni laini na haiwashi, ila ni nzito na haivutiki, ikilowa jasho inachelewa kukauka. Akriliki laini inapatikana kila duka la uzi, ni nyepesi na inafulika. Sufu safi ya kondoo inapasha joto kuliko zote, lakini nyingi tunayoipata ni ya kuwasha. Kuna njia ambayo mafundi wa zamani wanaijua: nenda Sido au Mwanjelwa kwenye marobota ya mitumba, tafuta sweta la sufu laini, zuri kwa uzi wake hata kama limechanika kiwiko. Angalia mishono ya pembeni. Kama vipande vimeshonwa kwa kuunganishwa kitanzi kwa kitanzi, utalifumua na kupata uzi mrefu usiokatika. Kama vimekatwa kwa mkasi na kushonwa na mashine ya ovaloki, liache, utapata vipande vifupi tu. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, ufue, kisha utundike na kitu kizito chini mpaka mikunjo inyooke. Nyuzi laini kuliko zote zilizopita mikononi mwangu zimetoka kwenye marobota.

Mabega. Huku ndiko shali inakofanya kazi, na kwa mgonjwa aliyelala shali inalishinda sweta la kuvaa kwa kichwani kwa mbali. Sweta linamtaka ainue mikono. Mtu mwenye kanula mkononi, kile kibomba cha plastiki kinachoingia mshipani, na dripu inatiririka, mtu aliyepasuliwa kifua, mtu asiye na nguvu ya kukaa, hawezi. Shali unaipitisha nyuma ya mabega wakati unamgeuza, basi.

Kule Marekani, katika jimbo la Connecticut, wanawake wawili, Janet Severi Bristow na Victoria Galo, walianzisha mwaka 1998 huduma ya kufuma shali za sala kwa wagonjwa na wenye huzuni, na ikasambaa makanisani na kwingineko. Mfumo wao ni rahisi hata kwa anayeanza: vitanzi 57, vitatu vya mbele, vitatu vya nyuma, mpaka mwisho. Mstari unaofuata, ukishageuza kazi, kitanzi kinachoonekana cha mbele unakifuma nyuma, na kinachoonekana cha nyuma unakifuma mbele. Makundi ya tatu tatu, kumi na tisa. Anayesali anapata mahali pa kupumzisha sala yake katika kila tatu, na asiyesali anapata shali isiyojikunja pembeni. Tumieni uzi mnene na sindano ya milimita 6 hadi 8, urefu mita moja na nusu. Isizidi nusu kilo, maana mwili uliokonda unachoka hata kwa uzito wa nguo. Msiweke matundu makubwa ya urembo, kwa sababu vidole na kanula vinanasa humo. Msiweke shada ndefu za kuning'inia. Na alama ya dini msifume mpaka mjue nyumba hiyo inaabudu wapi. Hapa tumekaa Walutheri, Wamoraviani, Wakatoliki na Waislamu, na wagonjwa wetu wametoka kote huko.

Mgonjwa wa Mbeya pia ni msafiri, na hili halimo katika maelekezo ya kufuma ya nchi za watu. Wengi wanatumwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Anaondoka hapa alfajiri meno yanagongana. Akifika Mafinga bado baridi. Akishashuka Kitonga joto linaanza, na Morogoro anatafuta upepo. Huko Dar atakaa wiki kadhaa pembeni ya bahari, analowa jasho. Ukimfumia shali moja nzito, ataivaa mpaka Iringa, halafu itakuwa mzigo. Mfumie vitu viwili vyepesi: kofia ya pamba ya kuvaa hata kwenye joto, na shali nyembamba inayokunjika kuwa mto wa shingo kwenye kiti cha basi. Mshonee na kimfuko cha kamba cha kuiwekea, cha kuning'iniza shingoni, maana mikono yake itakuwa imeshika faili na mfuko wa dawa. Atakaporudi Desemba kwenye mvua au Julai kwenye kipupwe, shali nzito imkute hapa stendi.

Miguu nitasema kwa ufupi. Soksi za mgonjwa zisiwe na mpira wa kubana juu, hasa kwa wa moyo na wa figo ambao miguu inavimba jioni. Soksi ya mwenye kisukari isiwe na mshono vidoleni, maana mguu uliokufa ganzi hauhisi kidonda kinapoanza. Soksi ya uzi inateleza kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa nta, kwa hiyo ni ya kitandani, au ishonewe vipande vya ngozi chini. Chupa ya maji ya moto isiwekwe moja kwa moja kwenye mguu wenye ganzi.

Kifua nisikiruke, ingawa najua wengine mnaona haya. Mwanamke aliyeondolewa titi hapa kwetu anajaza vitambaa kwenye sidiria, vinapanda juu, vinahama upande, na ibada nzima anajivuta blauzi. Barbara Demorest wa jimbo la Washington, Marekani, aliyeondolewa titi yeye mwenyewe, mwaka 2011 alianzisha Knitted Knockers, mtandao wa wafumaji wanaofuma matiti bandia ya uzi na kuwapa wanawake bila malipo. Ni kitu kidogo: uzi laini wa pamba, umbo la duara linalopunguzwa kuelekea katikati, ndani kunajazwa nyuzinyuzi nyepesi za mto. Linakaa ndani ya sidiria ya kawaida na linafuliwa. Livaliwe kidonda kikishapona na daktari akisharuhusu. Na mama huyo akifumiwa sweta, mkono wa upande uliopasuliwa uwe mpana bila ukingo wa kubana, kwa sababu walioondolewa tezi za kwapani mkono huweza kuvimba. Nawaomba mafundi mliozoea kroshia mlichukue jambo hili liwe lenu. Ni kazi ya jioni mbili, na inamrudisha mwanamke kwenye mstari wa kwaya.

Wanaume tumewasahau. Kila nikipita nyumba za wagonjwa naona mama ana shali na mtoto ana kofia, baba kajifunika koti la mvua. Mzee mmoja, seremala, alipoulizwa anataka nini alisema hataki kipya chochote. Alitaka sweta lake la kijani alilolivaa miaka yote kazini, lakini halikuwa linapita tena kichwani bila kumwumiza. Tukalichukua. Tukapiga mishono miwili ya mashine katikati ya kifua kutoka kola mpaka chini ili vitanzi visikimbie, tukapasua katikati ya mishono hiyo, tukaokota vitanzi pande zote mbili na kufuma ukingo wa rangi ileile, tukaweka vifungo vikubwa ambavyo kidole chenye ganzi kinaweza kuvisukuma. Pembeni tulilipunguza. Alivalishwa akiwa amelala. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa chini, akakuta penseli yake bapa ya kuchorea mbao, tuliyoirudisha tulipomaliza kufua. Watu waliokuja kumwona wakawa wanamkuta yeye, fundi wao, na sweta lake.

Kuhusu joto lipo neno zito. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha mgonjwa. Najua tunaliingiza kwa upendo, usiku wa Julai, mlango na dirisha tumefunga ili upepo usimpate. Mkaa ule unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inaua mgonjwa na anayemlinda pamoja wakiwa usingizini. Nguo za tabaka mbili tatu nyepesi, kofia, soksi na shali zinampa joto bila hatari hiyo. Na uzi wenyewe uuweke mbali na moto: pamba inawaka haraka, akriliki inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Penye mtungi wa oksijeni, moto wowote usisogee.

Harufu nayo muizingatie. Mgonjwa wa kemo anatapika kwa harufu ambayo wewe huisikii. Usifumie jikoni penye moshi, wala karibu na kitunguu kinachokaangwa. Ukimaliza, fua kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, suuza mpaka maji yawe meupe, anika ikiwa imelazwa isije ikarefuka, na usipige pasi akriliki, itakufa. Weka kwenye mfuko safi, funga. Na kama una mafua au kikohozi mtume mwingine apeleke. Dawa zile zinashusha kinga ya mwili, na mafua yako madogo kwake ni homa ya kulazwa.

Ukipeleka, kaa. Mpe, mwonyeshe inavyovaliwa, kisha zungumza naye habari za kawaida, mvua, mahindi, nani ameoa. Usimpige picha. Usimpe mgonjwa kazi ya kukushukuru, na usirudi wiki ijayo kukagua kama ameivaa. Akimpa mwanawe, ni yake, amegawa chake. Siku Mungu akimchukua, familia itaamua. Wengine humzika mtu wao na shali yake, Waislamu humzika kwa sanda peke yake na shali inabaki kwa ndugu. Usiulizie.

Akitaka kufuma mwenyewe, mpeni sindano. Wapo wagonjwa waliochoka kupewa. Tafuteni za mianzi au za mbao, kwa sababu kemo nyingine huleta ganzi na kuvifanya vidole visivumilie chuma cha baridi.

Utaratibu wa kikundi sasa. Napendekeza tufungue daftari, kama lile la msiba, kubwa la kurasa nyingi, lakini la walio hai. Kila mgonjwa ukurasa wake: anasikia baridi wapi, kipimo, rangi, anachokikataa, nani anafuma, lini kinapelekwa. Kwenye ukurasa mtu asiandike ugonjwa. Anza na kitu kidogo kinachokwisha upesi, kofia au soksi, ndipo kikubwa kifuate. Blanketi la magoti tusimwachie mtu mmoja, kwani atalifuma miezi na mgonjwa hana miezi. Tulifume kwa miraba ya sentimita 20 kwa 20. Mitano kwa upana, sita kwa urefu, ni miraba 30, na blanketi linakuwa la mita moja kwa mita moja na sentimita 20. Tukiwa kumi na tano, kila mmoja miraba miwili, wiki moja linaunganishwa. Kasi hiyo tunayo, tunaionyesha kila penye msiba.

Ukurasa wa kwanza tayari una mtu. Ni mama, yuko wodini, familia imeridhia na yeye mwenyewe ameulizwa. Anasikia baridi magotini, anataka kahawia na rangi ya udongo, hataki nyeupe kabisa. Uzi uko kwenye meza ile ya dirishani, umeshafuliwa, na vipande vya kupimia sentimita 20 nimevikata kwa boksi, kila mtu achukue kimoja. Wasiojua kuanzisha vitanzi wakae upande huu na mimi. Daftari liko kwa katibu. Nani anachukua miraba ya kwanza?